SALAMU KWA MGENI USIYEMJUA
Mafunzo kutoka kwa wasafiri wa kazi wa zamani

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeifanya ardhi kuwa nyepesi kwa waja wake wapite pande zake na wale katika riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, mwaka mmoja likizo ya madrasa iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Nilialikwa kuvuka mpaka wetu wa Manyovu kwenda Burundi, katika mji mmoja ulio kandokando ya Ziwa Tanganyika, nifundishe tafsiri mchana na kusalisha tarawehe usiku. Barua ya kunitambulisha ilichelewa, nami nikatangulia kufika. Nikasali Alasiri katika msikiti nilioukuta, kisha nikakaa barazani na mfuko wangu wa vitabu. Waumini walitoka wakapeana mikono, wakaulizana hali za watoto na mashamba. Mimi walinitazama, wakapita. Hakuna aliyenipa salamu. Nilikaa hivyo mpaka jua likakaribia kuzama.

Mtu wa kwanza kuniamkia alikuwa fundi wa baiskeli aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe, ng'ambo ya barabara. Shingoni alivaa rozari. Alivuka barabara akasema, "Amahoro," akanipa kigoda chake. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo tulielewana bila mkalimani. Aliposikia kwamba nimefunga na sina mwenyeji, alikwenda akarudi na ndizi mbivu na maji, akaviweka mbele yangu akasema, "Adhana yenu ikilia, fungua." Wenyeji wangu walikuja baadaye wakanipokea kwa heshima kubwa, na Ramadhani ile ilikuwa ya kheri. Lakini fundi yule ndiye rafiki wa kwanza niliyempata safarini. Hata leo, akivuka kuja kwenye soko la Munanila, hapiti bila kufika nyumbani kwangu.

Neno alilonipa, "amahoro", maana yake ni amani. Ndilo neno lile lile tunalolisema sisi kwa Kiarabu mara nyingi kila siku. Jambo hili lilinifanya nirudi kwenye vitabu vya historia kuwatazama wasafiri waliokwenda nchi za mbali kwa ajili ya kazi au elimu. Nikaona kwamba habari zao nyingi za urafiki zina mwanzo mmoja: mtu fulani alimpa salamu mgeni asiyemjua. Na habari zao nyingi za huzuni nazo zina mwanzo mmoja: salamu hiyo ilikosekana.

Kijana aliyelia mjini Tunis

Msafiri mashuhuri katika historia ya Uislamu ni Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah, anayejulikana kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tanja, nchini Morocco, mwaka 703 Hijria (1304). Alitoka kwao mwezi wa Rajab mwaka 725 (1325), akiwa na umri wa miaka 21 kwa hesabu ya miladi, akinuia Hija. Alitoka peke yake, hana mwenza wa njia, na wazazi wake wote wawili walikuwa hai. Mwenyewe amesimulia jinsi kuachana nao kulivyomuumiza.

Baada ya safari ngumu, tena akiwa mgonjwa wa homa, alifika Tunis. Watu wa mji walitoka kuupokea msafara. Kila mmoja alimwendea anayemjua, wakasalimiana na kuulizana habari. Kijana yule wa Tanja hakuna aliyemwendea kwa kuwa hakuna aliyemjua. Anasema kwamba moyo wake ulijaa huzuni hata akashindwa kuyazuia machozi, akalia sana. Ndipo mmoja wa mahujaji alipoitambua hali yake, akamwendea, akamsalimu, akamliwaza kwa mazungumzo mpaka wakaingia mjini.

Tulizingatie jambo hili. Mtu huyu baadaye alikaa na wafalme na kuwa kadhi katika miji mikubwa. Aliisimulia safari yake na ikaandikwa na Ibn Juzayy mwaka 756 Hijria (1355), yaani baada ya miaka 30 hivi. Katika muda wote huo alikuwa ameona mengi mno, lakini hakuisahau siku ile aliyokosa salamu, wala hakumsahau aliyempa. Na msafara ulipotoka Tunis, kijana huyu aliyekuwa analia ndiye aliyechaguliwa kuwa kadhi wake. Basi mgeni unayempita bila kumtazama hujui Allah amemwandikia nini kesho.

Desturi ya pwani yetu

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika katika pwani ya Afrika Mashariki. Habari alizotuachia ni hazina kwetu, kwa sababu zinaonyesha jinsi wazee wetu walivyompokea mgeni.

Anasema kwamba chombo kilipokaribia Mogadishu, vijana wa mji walikitokea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani yake mmoja wa wafanyabiashara na kusema kwamba huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara huyo alikwenda kukaa nyumbani kwa kijana yule, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Kwa hiyo mgeni alipata mwenyeji kabla mguu wake haujagusa nchi kavu, na ugeni na biashara vikaenda pamoja. Ibn Battuta yeye, walipojua kwamba ni mtu wa elimu, alipokelewa na kadhi wa mji, Ibn al-Burhan, ambaye asili yake ni Misri. Basi pale Mogadishu mtu wa Morocco alipokelewa na mtu wa Misri, wote wawili wakiwa wageni wa Sultani mwenye lugha yake mwenyewe na anayekijua Kiarabu pia.

Kutoka hapo alipita Mombasa akalala usiku mmoja. Anawasifu watu wake kwa dini na uchaji, na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Kisha akafika Kilwa katika zama za Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake mtu wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Pale aliwakuta masharifu kutoka Hijaz na Iraq waliokuja kumzuru Sultani. Anasimulia pia kwamba aliiona kwa macho yake siku ambayo fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha Sultani akitoka katika sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa mwilini. Sultani aliingia nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Fakiri huyo hakuwa na ukoo Kilwa wala mtu wa kumtambulisha. Alichokuwa nacho ni ugeni wake na haja yake.

Watu wa Sabta na Tanja wakutana China

Mkutano wa ajabu kuliko yote aliousimulia ulitokea China, karibu mwaka 1346. Ni haki kumwambia msomaji kwamba wapo watafiti wanaotilia shaka sehemu za habari za China katika kitabu hiki. Lakini kisa chenyewe kimeandikwa, na kina mafunzo.

Ibn Battuta alikuwa katika mji anaouita Qanjanfu. Akaletewa habari kwamba amefika faqihi mkubwa, Qiwamuddin wa Sabta. Alipoingia wakasalimiana na kuzungumza. Ibn Battuta akawa anamtazama sana, hata yule mgeni akauliza sababu. Akamuuliza: Unatoka mji gani? Akajibu kwamba anatoka Sabta. Ibn Battuta akamwambia kwamba yeye ni wa Tanja. Sabta na Tanja ni miji jirani, mtu aliweza kutoka mmoja hadi mwingine kwa mwendo mfupi. Pale pale wakasalimiana upya na wote wawili wakalia. Ikabainika kwamba waliwahi kukutana Delhi, wakati Qiwamuddin alipokuwa kijana aliyefika huko na mjomba wake.

Miaka michache baadaye, alipokuwa akielekea nchi ya Mali kupitia jangwa la Sahara, Ibn Battuta alifika Sijilmasa, kusini mwa Morocco. Akakaa nyumbani kwa faqihi Abu Muhammad al-Bushri. Kumbe mwenyeji huyu ni ndugu wa yule aliyekutana naye China. Yeye mwenyewe alistaajabu umbali uliokuwa kati ya ndugu hawa wawili. Sisi tuongeze kwamba kilichoufuta umbali ule kilikuwa ni salamu, kisha swali moja la heshima: Ndugu yangu, unatoka wapi?

Mwalimu wa Bagamoyo mjini Berlin

Tusidhani kwamba wasafiri ni Waarabu na Wazungu peke yao. Waswahili nao walisafiri kwa kazi na wakaandika. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliifuata kazi ya bwana wake Mjerumani, Dakta Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Mtu aliyezoea minazi na bahari ya joto alijikuta katika nchi za baridi kali, akapita kwa watu wasiowahi kumwona mtu mweusi. Habari zake zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 pamoja na safari nyingine za Waswahili.

Lakini ninayetaka tumzingatie zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu na Bagamoyo mwaka 1869, akalelewa katika elimu ya dini kama watoto wengi wa pwani ile. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kikachapishwa kitabu chake kinachojulikana, Desturi za Wasuaheli, ambacho mpaka leo hakuna anayeandika historia ya watu wa pwani akaweza kukiruka.

Huyu alikuwa mwalimu. Wanafunzi wake wengi walikuwa wakijitayarisha kuja kutawala au kufanya kazi katika nchi yake. Darasani walimsikiliza kwa sababu walihitaji lugha yake. Lakini walipokutana naye barabarani, wapo waliokataa kumwamkia. Mtoro alilalamika kwa wakuu wa chuo. Hakudai fedha wala cheo. Alidai jambo ambalo kila mtoto wa Kiswahili hufundishwa kabla hajajua kusoma, kwamba mwanafunzi akimwona mwalimu wake amwamkie. Malalamiko yake hayakupokelewa kwa wema, na ugomvi huo ukaifanya kazi yake pale kuwa nzito, mpaka akatoka.

Katika mji huo huo alipata mtu aliyemwona kuwa ni binadamu kamili. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1905 wakapanda meli pamoja waje kuishi Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ilikataa mwanamke huyo asishuke Dar es Salaam, kwa kuwa haikutaka ionekane ndoa ya mtu mweusi na mwanamke wa Kizungu. Katika bandari yenye jina la salama hawakupata salama. Wakarudi Ujerumani wote wawili. Huko Mtoro alifanya kazi Hamburg pamoja na mwanachuoni wa lugha, Carl Meinhof, akazunguka miji akitoa mihadhara juu ya Afrika, na akafariki Berlin mwaka 1927. Hakuiona tena Bagamoyo.

Ndugu msomaji, linganisha. Kijana wa Tanja alikosa salamu kwa sababu hakujulikana. Mwalimu wa Bagamoyo alikosa salamu ilhali anajulikana vizuri, na wanaomnyima wanakula matunda ya elimu yake. La kwanza ni ghafla ya mtu, mtu mmoja mwema huitibu. La pili ni kiburi, nacho hakitibiwi ila kwa kumcha Mungu.

Hukumu ya salamu

Wanachuoni wamekubaliana kwamba kuanza kutoa salamu ni sunna, na kuijibu ni wajibu. Akisalimiwa mtu mmoja, kujibu ni fardhi juu yake yeye mwenyewe. Likisalimiwa kundi, ni fardhi ya kutosheleza, akijibu mmoja wao wajibu umewaondokea wengine, na bora wajibu wote. Asili yake ni aya ya 86 ya Suratun Nisaa, ambamo Allah (s.w.) ameamrisha maamkizi yajibiwe kwa yaliyo mazuri zaidi au angalau mfano wake.

Tena imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) ni lipi bora katika Uislamu. Akataja mambo mawili: kulisha chakula, na kumsalimu unayemjua na usiyemjua. Hebu tujipime hapo. Imepokewa vile vile kutoka kwa Ibn Masud (r.a.) kwamba miongoni mwa alama za Kiyama ni mtu kutomsalimu ila anayemjua.

Masahaba walilifahamu jambo hili vizuri. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa akienda sokoni na Tufayl bin Ubayy, na hampiti mtu yeyote, awe muuza vitu duni au maskini, ila humpa salamu. Siku moja Tufayl akamuuliza anakwenda kufanya nini sokoni, na hali hanunui, haulizi bei wala hakai na watu. Ibn Umar akamweleza kwamba wanakwenda kwa ajili ya salamu tu, wamsalimu kila wanayekutana naye.

Ama asiyekuwa Mwislamu, hapa pana maelezo. Wanachuoni wengi wamekataza kumwanza kwa tamko la Assalaamu alaykum kwa sababu ya hadithi iliyokuja katika hilo. Imam Nawawi amenukuu kwamba wapo waliojuzisha, na jambo hilo limepokewa kutoka kwa Ibn Abbas na Abu Umama (r.a.). Pakiwa na mchanganyiko wa Waislamu na wasio Waislamu, imethibiti katika hadithi ya Usama bin Zayd (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye majlisi ya namna hiyo akawasalimu. Ama maamkizi mengine ya wema, kama habari za asubuhi, au mwakeye kwa Kiha chetu, mlango wake ni mpana zaidi. Na aya ya 8 ya Suratul Mumtahina imebainisha kwamba Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Tukumbuke pia kwamba katika safari kubwa kuliko zote, yaani Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walimwajiri kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Walimkabidhi vipando vyao na siri yao, naye akatimiza amana. Kabla ya hapo Waislamu walipata hifadhi Uhabeshi kwa Najashi akiwa mfalme wa Kikristo. Kwa hiyo aliyeniletea maji na ndizi chini ya mwembe hakufanya jambo geni katika historia yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.

Yanayotuhusu sisi wa Buhigwe

Sisi watu wa milima ya Kigoma, kutoka Kibondo na Kasulu mpaka Buhigwe, ni wana wa wasafiri wa kazi. Zama za Waingereza babu zetu walichukuliwa kwa wingi kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Mzee mmoja wa kwetu aliyekwenda huko angali kijana aliniambia kwamba alipofika kambini hakujua hata neno moja la Kiswahili. Mwenzake wa kwanza alikuwa Mmakonde aliyemwita chumbani kwake akamgawia ugali. Walikaa pamoja miaka mingi, na katika chumba kile ndipo Mha huyu alipojifunza kutawadha na kusali. "Hakunihubiria," mzee aliniambia. "Aliniamkia kila asubuhi."

Leo vijana wetu wanakwenda mbali zaidi. Wapo waliopata kazi Oman na Saudia, wengine wamo Kongo na Zambia. Tunamwomba Allah awakutanishe na watu wa kuwapa salamu. Lakini je, sisi tunawapaje wana wa wenzetu? Kila msimu wa kilimo Warundi huvuka mpaka kuja kulima mashamba yetu kwa ujira. Wilayani Kasulu ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na Warundi nao wakaja, na miongoni mwao wamo Waislamu wenye elimu. Wapo kati yetu wanaomwita mtu huyo "Mrundi yule" miaka mitatu bila kumuuliza jina lake. Jioni wanabishana naye ujira waliokubaliana asubuhi, na Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Baadhi yetu ni maimamu na walimu. Tunasoma hadithi ya salamu mimbarini, kisha tunatoka tunapeana mikono sisi kwa sisi.

Rai yangu kwa maimamu wenzangu ni nyepesi. Kila msikiti uwe na mtu au watu wawili ambao kazi yao baada ya sala ni kutazama nani mgeni, wamwendee, wampe salamu, wamuulize anatoka wapi na atalala wapi. Jambo hili halihitaji mfuko wala kamati. Vijana wa Mogadishu walilifanya karibu miaka 700 iliyopita. Na mgeni akiwa ni mpita njia aliyeishiwa, tusisahau kwamba Allah amemtaja kwa sifa yake katika aya ya zaka, ibnus sabil, mwana wa njia. Ana fungu lake ndani ya mali zetu, hata kama kwao ni tajiri.

Nilipomaliza Ramadhani ile ya Burundi, nilimwendea mzee wa msikiti ule wa kwanza, nikamweleza kwa upole yaliyonipata. Aliinamisha kichwa kwa muda. Kisha akasema, "Sheikh, tulidhani una mwenyeji wako." Nadhani hata watu wa Tunis walidhani hivyo hivyo.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie miongoni mwa wanaoeneza salamu, awahifadhi wasafiri wetu popote walipo, na awape wenyeji wema. Amin. Wallahu a'lam.